Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania: mgonjwa aliyekatazwa kuruka asitozwe kwa kutoruka

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Bukoba. Nakuandikia kuhusu jicho la kulia la mama yangu na tiketi mbili za ndege.

Mwaka jana mama alianza kuona vimulimuli pembeni mwa jicho. Alikuwa akipalilia migomba, akadhani ni jua. Siku ya tatu akaniambia, "Mwanangu, kuna pazia jeusi linashuka." Majirani walisema ni mtoto wa jicho, asubiri madaktari wa macho wakija na kambi yao. Haikuwa mtoto wa jicho. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa imebanduka, na daktari aliyempima alituandikia rufaa ya Dar es Salaam akisema tusihesabu wiki, tuhesabu siku.

Kutoka kwetu hadi Dar kwa barabara ni takriban kilomita 1,400. Mtu mwenye retina inayoning'inia humpakii kwenye basi kwa mwendo huo, kwa hiyo tulichangishana. Tulinunua tiketi mbili za kwenda na kurudi, za bei ya chini kuliko zote zilizokuwepo, ya mama na yangu mimi msindikizaji wake. Tarehe ya kurudi tuliikisia: siku kumi. Hakuna aliyeweza kutuambia daktari wa upasuaji angekuta nini.

Alichokuta kilimlazimu kujaza gesi ndani ya jicho. Gesi hiyo huikandamiza retina ukutani mwake, kama fundi baiskeli anavyobana kiraka kwa kidole gumba mpaka solushoni ishike. Mgonjwa hulala kifudifudi siku kadhaa, na mama alivishwa bangili mkononi ya kuonya kwamba asipande ndege. Sababu yake wataalamu wako wanaijua kuliko mimi. Ndege ikiwa angani, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mlimani, hadi kiasi cha mita 2,400, na hapo gesi iliyofungiwa hutanuka kwa takriban theluthi. Jicho halina pa kutanukia. Mgandamizo hupanda, mshipa unaoilisha retina huweza kuziba, na mtu akashuka kiwanjani akiwa kipofu wa jicho lile lile lililotoka kutibiwa. Kuna gesi inayoisha kwa wiki mbili au tatu, na kuna inayokaa hadi wiki nane. Ya mama ilikuwa ya muda mrefu. Hata basi daktari alilikataa, maana njia ya kurudi kwetu hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,000. Ilibidi abaki Dar mpaka gesi iishe yenyewe.

Tulikuwa tuondoke Jumanne. Ijumaa iliyotangulia, siku nne kabla, nilifika ofisi ya shirika la ndege nikiwa na barua ya daktari yenye saini na muhuri. Shirika silitaji. Sitaki ulipigie simu hilo moja, kisha mengine yaendelee vilevile.

Dada wa kaunta aliisoma barua yote, akasema, "Pole sana, dada." Naamini alimaanisha. Akabofya, akabofya tena, akageuza kidogo kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Tiketi yetu ilikuwa ya ofa. Kubadili tarehe kulikuwa na ada kwa kila tiketi, na juu ya ada tofauti ya nauli, kwa sababu viti vya bei yetu vilikuwa vimeisha wiki zote alizoangalia. Jumla ilizidi nauli ya kurudi tuliyokuwa tumelipa. Nikamwomba basi aiache wazi, tutaje tarehe siku daktari atakaporuhusu. "Mfumo haukubali," akasema. "Mfumo unataka tarehe."

Nikamuuliza: je, tukija hiyo Jumanne hivi hivi tulivyo? Akaichukua tena barua, akaisoma mara ya pili, akatikisa kichwa. Kwa barua hiyo mama asingepandishwa. Ni suala la usalama.

Ndugu Mkurugenzi, barua ilikuwa ile ile, kwenye kaunta ile ile, na hazikupita dakika kumi. Ilipohusu kumzuia mama asipande, neno la daktari liliaminiwa papo hapo, na lilistahili kuaminiwa. Ilipohusu kumwondolea ada, neno hilo hilo likawa halina uzito wowote. Shirika lilimkataza kuruka, kisha likamtoza kwa kuwa haruki. Nimelitafakari jambo hili kwa miezi, na bado sioni haki yake iko upande gani.

Wala si kwamba mashirika hayana njia ya kumtambua mgonjwa. Yanayo, na yameizoea. Kuna fomu ya taarifa za afya, MEDIF, ambayo daktari huijaza kabla ya mgonjwa kupanda. Mjamzito aliyevuka wiki 28 huombwa barua ya daktari na mashirika mengi. Mtu aliyetoka kupasuliwa kifua au tumbo huulizwa amepasuliwa lini. Utaratibu wote huo upo, makarani wamefundishwa kuutumia, na hutumika kufunga mlango wa ndege. Ninachoomba ni utumike pia kwenye kufuta ada.

Sisi wa Bukoba hatuhitaji kufundishwa kwamba usalama huja kwanza. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja wetu, na watu 19 wakafariki. Wavuvi wetu waliingia majini kwa mitumbwi yao. Tangu siku ile, rubani akituambia wingu la Ziwa ni zito, akageuza kwenda Mwanza au akakataa kuondoka, hutasikia mtu mzima wa hapa akigomba. Tunakaa chini, tunasubiri, wanaotusubiri nyumbani wanasubiri pia, na hakuna abiria anayelipeleka shirika kaunta kulidai ada ya kubadili tarehe. Tunasema ni amri ya Mungu. Basi na jicho lililojazwa gesi nalo ni hali ya hewa. Tofauti ni kwamba wingu lake limo ndani ya mtu.

Na mama si peke yake. Zile wiki tulizokaa Dar nilikaa kwenye mabenchi ya hospitali na watu wa Kigoma, Mtwara na Songea, na karibu kila mmoja alikuwa na tiketi ya kurudi, ya ndege au ya basi, yenye tarehe ya kukisia. Anayepata dawa za saratani hupimwa damu kabla ya kila dozi. Chembe nyeupe zikiwa chini, daktari humwambia arudi baada ya wiki, na safari yote inasogea. Anayepigwa mionzi huhudhuria siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa. Mashine ikihitaji matengenezo, siku zinaongezeka. Kuna watoto wenye selimundu, ambao huku Kanda ya Ziwa tunao wengi, na ambao wakitoka kuugua vibaya daktari anaweza kutaka wakae kwanza kabla ya kupelekwa kwenye hewa nyepesi. Kwa watu hawa tarehe ya kurudi huamuliwa na maabara. Tiketi ya bei nafuu isiyobadilika imeundwa kwa ajili ya mtu anayezimiliki siku zake, na wao ndio hasa wanaoinunua, kwa sababu ndiyo wanayoimudu.

Najua upande wa pili, na sitaki kuudharau. Ndege zinazotuletea abiria huku ni ndogo, viti sabini na kitu. Kiti kikipaa kitupu hakiuziki tena, na mafuta yake yameshaungua. Lakini anayepiga simu siku nne kabla si sawa na asiyetokea uwanjani. Wa kwanza amelirudishia shirika kiti ambacho bado kina siku nne za kuuzwa. Kwa bei ya siku za mwisho, ambayo kila msafiri anaijua, huenda kikauzwa ghali kuliko tulivyokinunua sisi.

Kuhusu wadanganyifu, watakuwepo. Ila daktari wa nchi hii ana namba ya usajili katika Baraza la Madaktari Tanganyika, hospitali ina simu, na barua ya rufaa ina tarehe. Anayetaka kuhakiki atahakiki. Kumtoza kila mgonjwa kwa sababu ya mwongo mmoja si uhakiki.

Tena imewahi kuonekana kwamba inawezekana. Wakati wa UVIKO-19 mashirika mengi duniani yaliruhusu watu kubadili tarehe bila ada. Mwishoni mwa Agosti 2020, United, Delta na American za Marekani zilitangaza kuondoa moja kwa moja ada hiyo kwenye tiketi zao nyingi za ndani, ada ambayo kwa kawaida ilikuwa dola 200, ingawa tiketi zao za bei ya chini kabisa ziliachwa nje. Na Aprili 2024 Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo ilitoa kanuni kwamba abiria aliyeshauriwa na daktari asisafiri kwa sababu ya ugonjwa mbaya wa kuambukiza apewe vocha ya kusafiria baadaye, inayodumu angalau miaka 5. Ni kanuni finyu. Jicho la mama yangu lisingeingia humo. Lakini imekubali jambo ninalolidai, kwamba neno la daktari linaweza kumlinda abiria pia.

Mamlaka yako ndiyo inayoyapa mashirika leseni, na chini yake lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Kwa hiyo naomba kwako, maana dada wa kaunta hana uwezo. Naomba pawe na kanuni moja kwa mashirika yote: abiria akileta barua ya daktari aliyesajiliwa kabla ya ndege kuondoka, ada ya kubadili ifutwe, tiketi iachwe wazi mpaka daktari amruhusu, na nauli aliyolipa iheshimiwe siku hiyo. Msindikizaji wake awe pamoja naye katika kanuni hiyo. Ukimsamehe mama mwenye bandeji jichoni ukamwacha binti anayemshika mkono, hujamsafirisha yeyote. Na masharti ya tiketi yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe kabla ya kulipa. Yetu yalikuwa kwa Kiingereza, kwa herufi za kusomwa na mwenye macho mazuri.

Sisi tiketi zile tuliziacha zikafa. Tulikaa Dar wiki saba, mama akilala kwenye godoro la sebuleni kwa binamu yangu Mbagala, na nauli ya kurudi kaka yangu aliipata kwa butura: aliuza kahawa ya mama ikiwa bado mbichi mtini, kwa bei ya mnunuzi anayejua una shida. Serikali inakataza butura, nasi tunajua kwa nini. Msimu ulipofika, mama alikaa barazani akatazama watu wengine wakivuna mibuni yake, kwa jicho lililopona.

Mwezi ujao anatakiwa kliniki tena Dar, na daktari amesema huenda akaligusa jicho kwa mara nyingine, huenda asiliguse, itategemea atakavyolikuta. Tiketi za kwenda nimeshanunua. Za kurudi bado sijathubutu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Binti wa mgonjwa,
Bukoba