Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Camaro Yetu Imerudi Kijani

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Salaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za mchana kwa wote mliofika, na kwa mtakaoisoma taarifa hii mkiwa zamu za kazini.

Nianze na pole. Mwaka huu wanachama watatu walifiwa na wazazi nyumbani, mmoja Kigoma, mmoja Uvira na mmoja Likoni. Rambirambi zilikusanywa na kupelekwa kwa wakati, na aliyeweza kusafiri alisindikizwa mpaka uwanja wa ndege. Nawashukuru. Chama cha magari kisichojua kuzika hakina haja ya kuitwa chama.

Mambo ya mwaka ni mengi, lakini mtaniruhusu nikae zaidi kwenye Camaro, kwa sababu ndiyo iliyokula fedha zetu na Jumamosi zetu, na kwa miezi mitatu nusura itugawe.

Kwa waliojiunga karibuni: gari letu ni Chevrolet Camaro ya 1969, iliyoundwa hapa hapa Norwood, mji mdogo uliozungukwa na Cincinnati pande zote. Kiwanda kile kilifungwa 1987, kabla wengi wetu hatujaijua Ohio hata kwa jina. Namba ya gari inaanza na 124379N. Tarakimu ya 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8, yaani injini ya silinda nane, 37 ni kupe ya milango miwili, 9 ni mwaka 1969, na N ni Norwood. Kwa hiyo tunapofungua gereji yetu kila Jumamosi, tuko umbali wa safari fupi tu kutoka mahali ambapo bodi hii iliunganishwa kwa mara ya kwanza. Mimi jambo hili hunigusa kila ninapolikumbuka. Sisi tulitoka mbali kuja hapa. Hili gari lilizunguka mikononi mwa watu miaka yote hiyo, likaja kutukuta karibu kabisa na lilikozaliwa.

Tulilinunua likiwa la rangi ya chungwa na mistari myeusi, na hapo ndipo mjadala wetu ulipoanzia. Anayeipenda Camaro ya 1969 humjia kichwani kwanza Hugger Orange, namba 72 kwenye kadi ya rangi ya mwaka ule. Ni rangi nzuri, sibishi. Lakini kibamba kidogo cha chuma kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa injini kilituambia habari nyingine. Chini yake pameandikwa 04C, yaani wiki ya tatu ya Aprili. Juu ya hapo kuna TR 711, viti vyeusi vya kawaida. Halafu zinafuata namba mbili zinazofanana: 57 57. Ya kwanza ni rangi ya bodi ya chini, ya pili ni ya juu. Na 57 ni Fathom Green, kijani kizito chenye kumeta, ambacho kivulini unaweza kudhani ni cheusi.

Kibamba peke yake hakitoshi, maana vibamba huhamishwa na vya bandia huuzwa. Ndiyo maana tulikwenda kutafuta rangi yenyewe mwilini mwa gari. Jioni ile tuliyong'oa bamba la aluminiamu la kizingiti cha mlango wa dereva, lile lenye maandishi ya Body by Fisher, yaani waliotengeneza bodi, tulikuwa watu saba tumeinama kama tunaochungulia kisima. Skrubu mbili zilitoka, ya tatu ilikatika kichwa, ya nne ilibidi ipashwe moto. Bamba lilipoinuka kulikuwa na mchanga, ufito wa mpira uliokauka, senti moja ya shaba, na chini ya uchafu huo ukanda wa kijani upana wa vidole viwili. Mmoja wetu aliufuta kwa kitambaa chenye thina kidogo, ukaanza kumeta chini ya taa. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Baadaye tuliikuta rangi hiyo hiyo nyuma ya vifuniko vya pembeni miguuni na nyuma ya kadibodi za viti vya nyuma.

Mnajua kura ilivyokwenda: 19 walitaka kijani, 14 walitaka chungwa ibaki. Nawaheshimu wale 14, na nataka ieleweke hivyo katika kumbukumbu za chama, kwa sababu Jumamosi iliyofuata 11 kati yao walikuja na msasa mkononi wakasugua pamoja na sisi.

Lakini msimamo wangu niurudie kwa maandishi. Kila Camaro ya 1969 inayofufuliwa ikipakwa chungwa, wajukuu wetu wataamini kwamba Norwood ilikuwa kiwanda cha magari ya chungwa. Haikuwa hivyo. Kadi ya mwaka ule ilikuwa na Burnished Brown namba 61, Olympic Gold namba 65, Frost Green namba 59, Champagne namba 63. Watu walinunua kahawia! Walinunua dhahabu iliyofifia! Hiyo ndiyo iliyokuwa ladha yao, na barabara za wakati ule zilikuwa na sura hiyo. Mtu fulani, tusiyemjua jina, aliletewa gari hili masika ya 1969 likiwa kijani, akaliona zuri, akalilipia. Sioni tuna haki gani ya kumfuta.

Sasa nieleze kosa, na kosa hili ni langu. Mwezi wa pili niliruhusu vijana wasafishe sakafu ya buti kwa sababu kutu ilikuwa imeanza kuila kona ya kushoto. Magari haya yalitoka kiwandani buti likiwa na rangi ya madoadoa, matone ya rangi mbili yaliyorushwa juu ya rangi ya msingi, na ukubwa wa matone na ukaribu wake ulitofautiana. Letu lilikuwa bado nayo karibu nusu ya sakafu. Nilitakiwa niseme: pigeni picha kwanza, pimeni, acheni kipande kimoja bila kukigusa. Sikusema. Nilipowafikia saa sita mchana sakafu ilikuwa imebaki chuma kitupu, safi, wakijivunia kazi yao, na kwa kweli walikuwa wamefanya kazi nzuri sana. Ushahidi ule hautarudi. Tutapaka madoadoa mapya kwa kufuata buti la gari jingine la Norwood la mwezi ule ule, lakini hayatakuwa yale. Tangu siku hiyo kuna kanuni iliyobandikwa ukutani: hakuna kukwangua chochote kabla ya picha tatu, moja ya mbali, moja ya karibu, na moja yenye rula.

Rangi yenyewe ilitutesa. Duka la kwanza, ambalo sitalitaja, lilituchanganyia kwa kuangalia jina na namba tu kwenye kompyuta. Tukapuliza boneti. Ndani ya gereji, chini ya mataa ya mirija, ilipendeza mno, tukapeana mikono. Asubuhi tukaitoa nje juani: ilikuwa na ubuluu, na kumeta kwake kulikuwa laini kama unga. Ule ukanda wetu wa metaliki, yaani rangi ya kumeta, ulikuwa na chembe kubwa zaidi za aluminiamu. Ukisimama karibu unaziona moja moja. Boneti nzima ikarudi kwenye msasa.

Hapo ndipo Mzee wetu wa rangi alipochukua usukani. Wengi mnamjua kwa ukimya wake. Alipuliza rangi Mombasa miaka mingi, enzi za Peugeot 504 za abiria, wakati rangi ilichanganywa kwa jicho na kijiko. Alianza kwa kukataa kuulinganisha ule ukanda wa kizingiti kama ulivyo. Laka ya zamani, alisema, hata isipopigwa na jua hugeuka kidogo kuwa ya manjano. Kwa hiyo aliung'arisha polepole mpaka tabaka la juu likaondoka, ndipo tukaupima kwa kipimo cha rangi tulichoazima. Kipimo kilitupatia mwanzo mzuri. Yeye akamalizia kwa tone la nyeusi, akakoroga, akapuliza kadi, akasubiri ikauke, akaitoa nje. "Rangi usiihukumu ikiwa mbichi," alikuwa akituambia. Kadi 22 tulizipiga, na tukaziangalia zote juani, kivulini na jioni, huku ule ukanda ukiwa pembeni. Ya 19 ndiyo iliyoshinda.

Nilijifunza kwake jambo ambalo sikuwahi kulisoma popote. Mchanganyiko ni ule ule, bunduki ya kupulizia ni ile ile, lakini ukipuliza ukiwa karibu na rangi ikatua imelowa, chembe huzama na kijani huwa kizito; ukienda mbali na hewa ikawa nyingi, hutua ikiwa kavu, chembe hubaki juu na rangi huwa nyepesi. Ndiyo maana milango, mudigadi na boneti vilipulizwa siku moja, na mkono mmoja, kwa mwendo mmoja. Yeye ana miaka 71. Alipuliza kwa saa nne na nusu, akapumzika mara mbili tu kunywa chai. Waswahili walisema usione vyaelea, vimeundwa, na mimi siku ile niliona vikiundwa.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini hatukutumia laka kama General Motors, wenye Chevrolet, walivyofanya. Wao walipuliza laka ya akriliki, wakaioka, wakaisugua, wakaioka tena ili ilainike na kujisawazisha. Hatuna tanuri, na laka hupasuka kwa baridi na joto vinavyopishana kama hapa Ohio. Tulichagua rangi ya hatua moja, bila klia, lile tabaka angavu la juu, ili tusipate ule mng'aro wa kioo ambao gari la 1969 halikuwa nao kamwe. Gharama yake ni kwamba haivumilii kusuguliwa. Ukikata metaliki isiyo na klia unakata zile chembe zenyewe, na doa lake halifutiki. Kwa hiyo mtaona uso wake una vijivimbe kidogo kama ganda la chungwa sehemu za chini ya milango. Tumeviacha kwa makusudi. Kiwandani pia vilikuwepo.

Rangi hizi za siku hizi zina kigumishi chenye sumu ya kushambulia mapafu, na ukishapata pumu yake huponi kirahisi. Kamati imenunua barakoa mbili zenye hewa ya bomba kutoka nje. Barakoa ya karatasi marufuku, na atakayeonekana anapuliza bila kujikinga atasimamishwa, awe nani.

Kuhusu nembo za SS, yaani Super Sport, toleo la Camaro lenye nguvu zaidi. Gari lina difu ya bolti 12, ambayo SS zilitoka nayo, na kuna mashimo ya zamani ya nembo. Lakini injini si ya kwanza: namba zilizogongwa mbele ya kichwa cha kulia hazilingani na za gari. Wenzetu wenye Ford za kuanzia 1967 wanaweza kuagiza ripoti ya Marti, inayoeleza gari lilivyotoka kiwandani, na wenye Pontiac wana nyaraka za kiwandani zilizohifadhiwa. Camaro zilizouzwa hapa Marekani hazina kumbukumbu ya namna hiyo. Kwa hiyo kwenye maonyesho kadi yetu itaandika: bodi ya Norwood, Aprili 1969, rangi ya asili namba 57 iliyothibitishwa, injini ya baadaye. Injini hiyo tumeipaka rangi ya chungwa ya Chevrolet inavyostahili, na waliopigania chungwa wamefurahi kwamba ipo walau chini ya boneti.

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina, zimekaguliwa. Kwa ufupi, rangi iliyoharibika ya boneti ilitugharimu, na michango ya miezi miwili ilichelewa kwa wanachama tisa. Nimeongea nao mmoja mmoja na wameahidi. Darasa la vijana la kunyoosha bodi liliendelea, na wasichana wanne wamejiunga. Mmoja wao ndiye aliyeunganisha kile kipande kipya cha kona ya buti, na sijaona mshono safi kama ule gerejini kwetu. Uchaguzi wa kamati utafanyika kama katiba inavyotaka, na mimi nitagombea mara ya mwisho.

Kazi iliyobaki: kioo cha mbele, mpira wa milango, nyaya za taa za nyuma, na yale madoadoa ya buti. Kwa hilo la mwisho nina ombi. Kama kuna mwanachama, au jirani yake, au mfanyakazi mwenzake mwenye Camaro ya Norwood ya Aprili 1969 ambayo buti lake halijawahi kuguswa, amwombe ruhusa tuje na kamera na rula. Hatutagusa kitu. Wazee wengi waliofanya kazi kiwandani pale bado wanaishi mitaa hii hii, na magari yao mengine yamelala kwenye magereji ya nyumbani. Bisheni hodi kwa adabu, elezeni tunachofanya.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, tunafunga kioo cha mbele. Tunahitaji watu wanne wenye mikono mitulivu. Bamba la kizingiti limeshang'arishwa na skrubu mpya zipo, lakini halitafungwa siku hiyo. Nimeomba lifungwe la mwisho kabisa, Mzee wetu wa rangi akiwepo, na ule ukanda wa vidole viwili tumeuacha pale chini bila kuufunika kwa rangi mpya.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti