YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA "POMBOO WASTAAFU" NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATU

Soko la Mwanjelwa,
Mbeya.

Kwa Meneja Mkuu wa kampuni ya utalii,
Makao Makuu, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nadai mnirejeshee fedha za ziara; masharti ya kurejesha fedha ni ya kwenu, mnayajua. Bango la ofisi yenu ya Mbeya limeandikwa "Hifadhi ya Pomboo Wastaafu, Baharini". Kwa maneno hayo nikalipia ziara, mimi na mwanangu, nyongeza ya safari yetu ya kufuata mzigo Uarabuni.

Tulichokikuta ni bwawa. Vigae vya buluu, muziki wa kupasua masikio, na dawa ya maji iliyotuwasha macho hata sisi tuliokaa viti vya juu. Pomboo wanarukishwa kwenye pete, wakishuka wanapewa samaki. Onyesho lilipoisha, mmoja alibaki ameegemeza mdomo kwenye geti la chuma, hasogei. Mwanangu akaniuliza kama anaumwa. Nikamuuliza mwongozaji wenu, kwa adabu, hifadhi iko wapi. Akanijibu kwa kipaza sauti: "Mama, nyie wa Mbeya mnajua viazi. Ya pomboo tuachieni." Watu wakacheka.

Ya pomboo na nyangumi nayafuatilia, Ndugu Meneja. Mwaka 2019 nyangumi weupe wawili waliokuwa wakionyeshwa Shanghai walisafirishwa kwa ndege hadi Iceland, waandaliwe kuishi kwenye ghuba ya Klettsvik iliyozibwa kwa wavu. Ghuba hiyohiyo ndiyo aliyopelekwa Keiko, yule nyangumi muuaji wa filamu ya Free Willy, mwaka 1998, baada ya miaka mingi ya kuchezeshwa bwawani Mexico. Hawatupwi tu baharini. Mnyama aliyezoea kulishwa kwa mkono kuwinda kunamshinda, kwa hiyo wahudumu na madaktari wanabaki naye, ila maji ni ya bahari yenyewe na hakuna anayemrukisha kwenye pete. Hata hao wawili walirudishwa bwawani zaidi ya mara moja wakizoeshwa, maana kazi hiyo ni ngumu na ya gharama kubwa. Huko ndiko kustaafu. Ninyi mmechukua jina lake mkauzia tiketi za bwawa.

Narudia lile tukio, kwa sababu afisa wenu wa Mbeya ameniambia kwenye simu kwamba "ulikuwa utani tu". Kipaza sauti alikuwa ameshakiweka chini. Alikiokota makusudi. Nilikuwa nimesimama, nimemshika mwanangu mkono, akanitazama usoni ndipo akasema: "Mama, nyie wa Mbeya mnajua viazi." Waliocheka ni pamoja na wafanyabiashara wenzangu ninaopanga nao meza sokoni. Mwanangu aliinamisha kichwa, hakusema neno mpaka hotelini. Utani gani huo?

Tena kabla sijatoa hata shilingi nilimuuliza dada wa mapokezi, pale ofisini Mbeya: hao pomboo wanachezeshwa? Akasema hapana, wamepumzishwa. Kwa hiyo mlijua.

Nilikuwa nadai fedha za ziara peke yake. Baada ya ile simu, nadai fedha za ziara kwa watu wawili, barua ya kuomba radhi yenye sahihi ya mwongozaji huyo na yako wewe Meneja, na bango hilo lishushwe katika matawi yenu yote. Sitaki punguzo la safari ijayo mlilonitajia. Safari na ninyi sina tena.

Nawapa siku 14. Zikipita, barua hii, risiti na picha ya bango vinakwenda Tume ya Ushindani, na nakala wizara inayosimamia leseni yenu ya utalii. Wasafiri wa Mwanjelwa na Tunduma nitawaonyesha mwenyewe, meza kwa meza, na sitasubiri siku hizo ziishe.

Wasalaam,

Mfanyabiashara wa nguo,
Mwanjelwa.