Na Wasahara nao tuwaombee

Wete, Pemba

Shoga yangu Raya,

Assalaam alaikum. Sisi wazima, alhamdulillah, na mama anakusalimu sana. Umeniuliza kwa nini kwenye kisomo chetu, tukishawaombea Wapalestina, nawataja na Wasahara, watu wa Sahara Magharibi, kusini ya Moroko, ambao wenzetu wengi hawajapata kuwasikia. Swali lako limenikaa moyoni, basi nakujibu kwa urefu.

Sahara Magharibi ilikuwa koloni la Hispania. Oktoba 1975 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilisema Moroko haina milki juu ya ardhi ile, wenyewe waachiwe waamue. Wiki tatu tu baadaye Mfalme Hassan II alishavusha mpakani watu wake wapatao 350,000, na jeshi nalo limeshaingia. Vita vilisimamishwa 1991 kwa ahadi ya kura ya maoni. Kura yenyewe haijapigwa hadi leo.

Waliokimbia wako Algeria, karibu na Tindouf, na makambi yao wameyapa majina ya miji waliyoiacha: Smara, Laayoune, Dakhla. Hilo la Dakhla linaniuma, Raya. Dakhla yenyewe ni mji wa pwani, bahari yake imejaa pweza. Dakhla ya kambini ni mchanga mtupu. Watu wamezaliwa humo, wakaoana na kuzaa humo, na bahari ya kwao hawajaitia machoni.

Nawe unajua sisi na pweza. Kule Kisiwa Panza wanakijiji hukaa wakakubaliana, mwamba ukafungwa pweza wakue, na siku ya kufungua watu wakashuka maji yakitoka. Wameamua wenyewe. Pweza wa Dakhla huvuliwa kwa leseni ya Moroko, Msahara aliye kambini haulizwi. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitamka kuwa mikataba ya uvuvi na ya mazao baina ya Umoja wa Ulaya na Moroko ilifungwa bila ridhaa ya Wasahara. Na kabla ya hapo, 2017, meli yenye tani zipatazo 50,000 za fosfeti (madini ya mbolea) ya Sahara ilizuiwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, na mwaka uliofuata mahakama ya huko ikasema mzigo ni mali ya Wasahara. Huo ndio udugu nnaoutaka mimi: mtu aulize mali hii katoa nani kabla hajaipokea.

Wako watakaokwambia Moroko ni Waislamu wenzetu, mambo yao tuwaachie. Kwani Wasahara ni nani? Nao wanafunga na kusali kama sisi. Pale Kinondoni, Dar es Salaam, umejengwa msikiti mkubwa kwa msaada wa Mfalme Mohammed VI, na waumini wanaufaidi. Allah amlipe kwa hilo. Lakini anayekujengea msikiti hajakununua ulimi. Dhulma ya Muisraili tunaiona mara moja; ya ndugu yetu katika dini tunaitafutia udhuru, na hapo ndipo naona duwa zetu zina kasoro.

Wala si jambo la kigeni kwetu. Tanzania iliitambua jamhuri ya Wasahara 1978. Mzanzibari mwenzetu, Salim Ahmed Salim, aliongoza kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni miaka hiyo hiyo ya 1970. Na kule Addis Ababa 1984, Wasahara walipokaa kwenye kiti chao na Moroko ikatoka Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwa hasira, mkutano ule ule ulimchagua Mwalimu Nyerere kuwa mwenyekiti.

Wewe unasomesha, wasikilizaji unao. Wasimulie wanafunzi wako habari za Aminatou Haidar, mwanamke wa Kisahara aliyegoma kula siku 32 uwanja wa ndege wa Lanzarote, kisiwa cha Hispania, mwaka 2009 kwa sababu Moroko ilimzuia kurudi kwao, mpaka akarudishwa. Na kisomo cha Ijumaa huko Unguja ukikiongoza wewe, wataje. Wenzako wakiuliza, wasomee barua hii, kisha niandikie walivyokujibu.

Wasalaam,
Shoga yako, Asha