Hiyo 0.5 imetoka wapi?

Somo,

Salamu nyingi. Za nyumbani nitakusimulia siku nyingine, maana nimemaliza kusoma rasimu yako ya bajeti na usingizi umeniruka. Majedwali yamenyooka kweli, hata yule mwalimu wetu wa takwimu asingepata pa kuchora wino mwekundu.

Kilichonikera ni ule ukurasa wa makadirio. Mmeweka kizidishi cha 0.5 bila kueleza. Yaani serikali ikikata matumizi ya 100, pato la taifa lishuke 50 tu? Wakati wa neema, huenda. Lakini huu ni mdororo: kaya zinabana kwa hofu, benki zimefunga mkono, riba imeshagusa sakafu. Nani atajaza pengo mnaloliacha?

Si maneno yangu. Oktoba 2012 IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wenyewe waliandika kwamba watabiri wa uchumi walikuwa wakitumia takriban 0.5, kumbe tangu mgogoro wa fedha wa 2008 uanze kizidishi kilikuwa kati ya 0.9 na 1.7. Mwaka uliofuata ukosefu wa ajira Ugiriki ulipita asilimia 27. Kukiri kulikuja watu wameshafukuzwa kazi.

Nimepiga hesabu kwa 1.5. Kata 100, pato linashuka 150. Kama kodi ni 30 katika kila 100, mapato yanapungua 45, kwa hiyo mmeokoa 55 tu. Na deni likiwa sawa na pato la mwaka mzima, uwiano wake na pato unapanda! Mnajinyima, na deni linanenepa.

Atakayekutisha kwa ule mpaka wa deni wa asilimia 90 ya pato, kwamba ukivukwa uchumi unadumaa, mkumbushe lahajedwali ya Reinhart na Rogoff, wachumi waliouleta. Mwanafunzi ndiye aliyegundua, 2013, kwamba fomula iliruka nchi kadhaa. Tena hao ni mabingwa, sembuse sisi wa usiku wa manane... basi, niache.

Sisemi mmwage fedha ovyo. Nasema hiyo 0.5, Somo, hiyo 0.5! Nani aliichagua? Mmewahi kujaribu nyingine? Na kwa nini ukarabati wa shule, unaowapa mafundi kazi mara moja, umekatwa kwanza, na semina hazikuguswa? Mkubwa wako bado anasikiliza, au ameshaamua? Rasimu inafungwa lini? Nitumie faili lenyewe, si PDF, niliendeshe kabla hamjatia saini.

Wako,
Somo