Mashine ikizima sailensa, msikimbilie kupandisha skrubu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wavuvi wenzangu na mafundi wa huku pwani, mana hili suala la mashine za boti za zamani kusumbua kuwaka alafu zikiwaka zinazima sailensa, yaani zikiwa kwenye mwendo wa chini bila kupewa moto, linatumalizia hela na sasa linaelekea kutumalizia watu. Nazungumzia hasa hizi Yamaha 40 za kuchanganya oili, silinda mbili, za kuvuta kamba, ambazo utazikuta kila diko, pale boti zinaposhushia samaki.

Kinachoniuma ni hiki. Mashine ikianza kuzima kila ukirudisha ekseli, fundi anakuja na bisibisi anapandisha skrubu ya sailensa, inanguruma vizuri, unampa chake unaondoka. Ugonjwa upo palepale. Sasa kila ukiingiza gia inagonga, kwa sababu unaiingiza wakati mashine inazunguka kasi, meno ya klachi kule chini mguuni yanalika, na boti inaruka mbele wakati vijana wako majini wameshika ubavu wanashusha samaki na propela inazunguka hapohapo. Huku kwetu boti imeruka hivyo na kijana kapona kwa rehema za Mungu tu, nahodha akalaumiwa wakati chanzo ni ile skrubu.

Mashine inayozima sailensa lakini ukiipa moto inakimbia vizuri tu, mara nyingi sana tatizo ni kabureta, tena sehemu moja ya kabureta. Ndani mna jeti mbili, vipande vyenye tundu la kupitisha petroli, jeti kubwa ya mwendo na jeti ndogo ya sailensa, na hiyo ndogo tundu lake ni jembamba mno. Kusi likivuma boti zinapandishwa mchangani, petroli iliyobaki ndani ya bakuli la kabureta inakauka na kuacha oili na gundi ya kahawia, na tundu la kwanza kuziba ni hilo. Kwahiyo fungua bakuli, toa jeti, inyanyue uitazame juani, usipoona mwanga umeshampata mchawi wako. Isafishe kwa dawa ya kabureta au petroli safi na upepo wa kompresa, na kama uchafu umegoma pitisha kipande cha mshipi wa nailoni mwembamba. Waya wa breki ya baiskeli hapana jamani, jeti ni shaba laini, ukilikwangua tundu likapanuka mashine itakunywa mafuta na kufoka moshi mpaka ununue jeti nyingine. Ukisharudisha, skrubu ya hewa ya kabureta, siyo ile ya sailensa, ifunge taratibu mpaka iguse bila kukaza, ifungue kama raundi moja na nusu, washa, iache ipate moto ndo uitafutie sauti yake. Hapo sasa ndo unagusa skrubu ya sailensa, na utakuta unaishusha badala ya kuipandisha.

Kama haiwaki kabisa, kabla hujamaliza mabega kuvuta kamba angalia kwanza kile kipini cha usalama cha kuzimia kipo mahali pake, alafu toa plagi zote mbili uziweke kiganjani kwa pamoja. Plagi zinasema. Zikiwa kavu kabisa mafuta hayafiki. Zikiwa zimelowa, mafuta yapo ila moto hakuna au umevuta choki kupita kiasi. Moja imelowa na mwenzie ina rangi ya kahawia nzuri, basi silinda moja imelala, na mashine ya silinda moja itatetemeka sailensa hata uifanye nini, kwahiyo tafuta moto wa upande ule, plagi yenyewe, kofia yake, koili. Ukipima spaki gusisha plagi kwenye bodi ya mashine mbali na tundu la silinda, kuna mvuke wa petroli pale.

Mafuta yasipofika usianze kulaumu pampu. Legeza skrubu ya kupumulia kwenye mfuniko wa tangi, wengi wanaisahau imefungwa, mashine inatembea kidogo inakufa, ikipumzika inawaka tena, watu wanasema imerogwa. Alafu minya kile kipira cha kwenye paipu mpaka kiwe kigumu. Kisipokaza kabisa kuna mahali panavuta hewa, au valvu zake zimekufa, au floti, kile kiboya cha ndani ya kabureta, imekwama na petroli inamwagika. Kikikaza lakini mashine inataka kuminyiwa kila saa ndo iendelee, hapo sasa fungua pampu ya mafuta uangalie ngozi yake.

Na petroli yenyewe jamani. Chota ya chini ya tangi utie kwenye chupa nyeupe uiache itulie, kama kuna maji utayaona yamekaa chini. Iliyochanganywa mafuta ya taa huioni kwa macho, ila asubuhi mashine ya baridi haitaki kuwaka. Mchezo huo ni wa siku nyingi, ndo mana mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa. Oili pia isipimwe kwa kukisia, wengi tunatumia lita 1 kwa petroli lita 50, fuata kitabu cha mashine yako.

Kabureta ikiwa safi, moto upo silinda zote, na bado inazima, hapo ndo kazi ya fundi mkubwa, apime kompresheni, aangalie sili za krenki na ridi, vile vibati vinavyozuia mchanganyiko wa petroli na hewa usirudi nyuma, hasa kama petroli inatemwa nje mdomoni mwa kabureta. Vitu hivyo huchoka kwenye mashine ya miaka mingi na hakuna skrubu ya kuviponya.

Ombi langu, vyuo vya VETA vya ukanda wa pwani na BMU zetu, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia pwani, wapange mafunzo ya mashine za boti kwa manahodha kipindi cha kusi wakati wengi tuko nchi kavu, na gazeti lako likipata nafasi lichapishe picha ya hiyo jeti ndogo watu waione.

Mvuvi,
Kilwa Kivinje