Tochi haipimi fizi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu ya upimaji wa meno bure hapa Arusha na nimeshindwa kunyamaza. Pichani mtu kaachama, anamulikwa tochi, na chini mmeandika kuwa amekutwa na "fizi nzima". Zimepimwa kwa kifaa gani?

Fizi hupimwa kwa probu, kijiti chembamba cha kupimia kina, ile yenye kidonge cha nusu milimita nchani na mkanda mweusi kuanzia milimita 3.5 hadi 5.5. Inateremshwa taratibu kati ya jino na ufizi, kwa uzito wa gramu 20 hivi, na kutembezwa kulizunguka jino lote: sehemu tatu upande wa shavu, tatu upande wa ulimi. Mkanda ukibaki nje wote, hakuna mfuko, yaani upenyo wa kina pale ufizi ulipoachana na jino. Ukizama kidogo, pana mfuko wa milimita 4 au 5. Ukipotea kabisa, ni 6 au zaidi. Halafu unasubiri hadi nusu dakika, kwa kuwa damu haitoki papo hapo, na kwa mvuta sigara inaweza isitoke kabisa ilhali mfupa unaliwa chini kwa chini. Ukoga nao hivyo hivyo. Ule wa nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na matundu ya mate, hata mtoto atauona. Unaong'oa meno ni ule mweusi uliong'ang'ania mzizi chini ya ufizi, na huo husikika kwa ncha ya kifaa inapokwaruza. Mama mmoja aliletwa kwetu na kadi ya "fizi nzima"; gego lake la chini lilikuwa na mfuko wa milimita 7 na tayari linacheza.

Na hili la kuwaambia watu wa huku Meru na Moshi kwamba meno yao ya kahawia ni machafu likome. Hiyo ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji, iliingia jino likiumbika utotoni. Ukoga huganda shingoni mwa jino na hukwanguka. Doa la floraidi limo ndani ya enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, na kwa kawaida hufanana kulia na kushoto. Kulisugua kwa mkaa ni kuimaliza enameli bure. Mtoto apewe maji yasiyozidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na magadi yaondolewe kwenye makande yake.

Waandaaji wapunguze fulana, wanunue probu 40 na mashine ya kuzitakasa kwa mvuke. Kadi iwe na visanduku sita, kimoja kwa kila kipande cha kinywa, na ndani yake kipimo kikubwa kabisa kilichopatikana hapo. Muda usipotosha, wapimwe watu 40 sawasawa, waliobaki wapangiwe siku nyingine.

Mtabibu wa Meno,
Arusha