Ule ukungu wa Jumamosi

Jamani wanakikundi mmeamkaje, naona bado mnabishana tangu tutoke kibandani Kisenyi kuangalia The Mist, ile sinema ya 2007 ya watu waliokwama supamaketi kwa ukungu wenye madude ya kutisha, basi na mimi nitie neno. Mnasema yule mama Carmody, mshika dini anayehubiri mwisho wa dunia, ndo mbaya wa sinema nzima, mi nakataa, mbaya ni woga wa watu. Kumbukeni mwanzoni mle supamaketi watu walikuwa wanamcheka kabisa, haukupita muda walewale wanamfuata mama huyo, wanamshika mwanajeshi kijana wanamchoma kisu wanamtupa nje kwenye ukungu, na hayo madude ya nje hayakumtuma mtu kufanya hivyo! Na wakili Norton, msomi mzima, wanamwambia njoo stoo uone kipande cha lidude kimebaki sakafuni, hataki hata kuchungulia, akatoka zake nje na wenzake. Huo nao ni woga tu, umevaa suti.

Halafu sisi wenyewe, umeme ulivyokatika paka akaruka juu ya bati, nani alikimbilia mlangoni akaacha rolex yake, chapati ya mayai, kwenye benchi? Simtaji.

Jumamosi hii saa kumi jioni palepale, leteni elfu moja moja ya mafuta ya jenereta. Waliosinzia mwisho, tutawarudishia dakika kumi za mwisho kwanza.